Kaunta yangu, leseni yangu

Nimefanya kazi ya baa hapa Nakuru miaka sita sasa, na kitu bado kinaniuma ni ule usiku kijana aliingia na jezi ya timu, ndevu hana, akaagiza bia mbili, nikamuuliza kitambulisho akaanza kucheka ati nimemzoea mtaani. Ni kweli namjua, na ndio maana nilikataa, mamake huninunulia mboga! Sheria inasema chini ya miaka 18 hauziwi, haijalishi ametumwa na nani.

Hii sheria ya mwaka wa 2010 watu wengi bado wanaiita sheria ya Mututho, kwa sababu John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha ndiye aliisukuma bungeni. Ilisema baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na wikendi na sikukuu kuanzia saa nane mchana. Pia baa ikae mita 300 kutoka shule ya watoto, na hio naiunga mkono kabisa, maana watoto wakipita wanaona kila kitu.

Ngumu zaidi kwangu ni mteja ameshalewa. Anakuita ndugu yangu, anaweka pesa mezani, na wewe unajua ataendesha pikipiki hadi nyumbani. Mimi siku hizi namwekea maji, namwitia mtu wa boda, funguo zake naziweka nyuma ya kaunta mpaka asubuhi. Mmoja alinitusi vibaya sana, kesho yake akarudi kuchukua pikipiki, akanisalimia kwa mikono miwili.