Kilo Ishirini na Tisa

Asubuhi hii mtu wa vyuma kuukuu amepita na mkokoteni wake hapa Umoja, Nairobi, spika ikiita mabati, betri, sufuria mbovu. Niliposikia hilo la sufuria nikamtupia Mama jicho. Akaendelea kukoroga chai yake kama hajasikia kitu.

Nilisafiri kwenda Ujerumani Agosti 2011. Habari za viza na harambee ya nauli nimeshazisimulia mpaka zimechosha. Tiketi iliniruhusu begi moja la kilo 23, na nyumbani hatukuwa na mizani. Kaka yangu akasema twende kwa jamaa wa vyuma pale karibu na steji, yule mwenye mizani ya kutundika.

Basi begi langu likaning'inizwa kwenye kulabu iliyozoea radieta. Mshale ukacheza, ukatulia kwenye 29.

"Nalinunua lilivyo," jamaa akasema. Watu wakacheka.

Akatandika gunia, nikalifungua begi hapo hapo, mbele ya mama mboga, makanga wawili na watoto wenye mitungi ya maji. Kila mtu akawa mshauri. Pasi itoke. Pasi ibaki, nani atampigia nguo huko? (Ilibaki. Nilipofika Ujerumani nikakuta plagi yetu ya meno matatu haiingii kwenye soketi zao hata uisukume vipi.) Pakiti mbili za unga wa ugali zikatoka bila ubishi, kilo nne hizo. Zikabaki kilo mbili za kupunguza, na vitu vizito vilivyobaki vilikuwa viwili: koti na sufuria.

Koti nililinunua soko la mitumba la Gikomba, zito kama blanketi lililolowa, na lebo yake ilikuwa na maandishi ya Kijerumani. "Hilo linajua njia," kaka akasema, "lijipeleke lenyewe."

Sufuria ilikuwa ya Mama. Alikuwa ameifuata Kamukunji wiki ile ile, akachagua ile nene ya mafundi wa jua kali, isiyounguza. Na ili isile nafasi, alikuwa ameijaza soksi zangu, kila jozi imekunjwa mpira.

"Mama," nikasema, "huko si kuna baridi."

"Eeh. Kuna baridi."

Akachuchumaa. Akatoa soksi, jozi moja moja, akizipanga kwenye pembe za begi. Zilikuwa nane. Moja ilianguka vumbini, akaipangusa kwa leso yake, akaikunja upya kabla ya kuiweka. Mama mboga peke yake ndiye aliyeacha kucheka. Mshale ukasimama kwenye 23, au karibu, na jamaa akakataa pesa zetu.

Koti nililivaa misimu miwili ya baridi, zipu ikaharibika, nikalitumbukiza kwenye kontena la nguo za msaada. Huenda limesharudi Gikomba.

Sufuria iko hapa kwenye roshani. Imetobolewa matundu chini, imejaa udongo, imeota dania. Sikumbuki kuona ikipikiwa hata siku moja. Leo nimejikaza nikamuuliza Mama kwa nini hakuitumia, sufuria nzuri hivyo.

"Si uliiacha?"

Akanimiminia chai. Spika ilikuwa imeshafika steji.

Narudi Jumapili. Safari hii naruhusiwa mabegi mawili na moja ni tupu kabisa. Tangu asubuhi nazunguka karibu na hiyo roshani, nachuma jani moja la dania, nanusa, narudi ndani.