Jumapili Pale DDC Kariakoo

Kijana wangu ameniuliza zamani tulikuwa tunakwenda kusikiliza muziki wapi. Nikacheka. Dar ile, swali lilikuwa: wewe Msondo au Sikinde? Hizo zilikuwa bendi mbili za dansi zenye upinzani mkali.

Mimi Sikinde damu. Yaani Mlimani Park Orchestra, iliyoanza mwaka 1978, wakati mwimbaji Muhidin Gurumo alipotoka Juwata, bendi hiyo ya Msondo. Watu wa Msondo walikuwa na ukumbi wao wa Amana, Ilala. Sisi Jumapili ilitukuta ukumbi wa DDC Kariakoo. Mwanamuziki Remmy Ongala, wa bendi ya Super Matimila, nilimwona mara mbili tu, na mara zote nilirudi sauti imekauka.

Ninachokikumbuka zaidi ni jinsi wimbo ulivyokuwa unapikwa. Mwanzo taratibu, waimbaji wanasimulia kisa chote, watu mmekaa na soda zenu mnasikiliza maneno kama mko barazani. Halafu gitaa la solo linabadilika, tarumbeta zinaingia, tumba inakaza. Chemko hilo! Viti vinarudi nyuma kwa mkupuo mmoja. Mama mmoja mwenye kitenge cha kijani alikuwa hanyanyuki kabla ya hapo hata umvute mkono. Likifika chemko anakwenda moja kwa moja mbele, anamtunza mwimbaji noti kwenye paji la uso, anarudi akicheza kinyumenyume mpaka mezani kwake, bila kugonga kiti hata kimoja.

Spika zilikuwa zinakoroma, lakini neno halikupotea. Siku hizi naenda onyesho, msanii anaimba juu ya santuri yake mwenyewe. Mpiga tumba yuko wapi?