Siku moja ya fundi chokaa, Kilwa Kisiwani

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye magofu ya Msikiti Mkuu wa Kilwa hudhani natembeza wageni. Mimi naziba nyufa.

Saa 12 asubuhi niko ufukweni Kilwa Masoko, upande wa bara, mashua inasubiri abiria. Saa 1 nang'oa magugu. Saa 3 nakoroga chokaa, ndoo moja kwa tatu za mchanga.

Saa 4 na nusu likaingia kundi kutoka Dar. Muongoza wageni anaeleza kwamba upande wa kaskazini ni wa karne ya 11, na huu wenye kuba uliongezwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Mkandarasi mmoja hasikilizi, anagonga ukuta kwa funguo za gari.

"Fundi, si mpige saruji mmalize?"

"Kaka, haya ni matumbawe. Yanavuta unyevu na kuutoa. Ukiyafunika kwa saruji, maji na chumvi vinabaki ndani, jiwe linamung'unyika."

"Mimi nina miaka 20 kwenye ujenzi, bwana."

Jibu zuri lilinijia saa 9, keshaondoka: kwamba ukuta aliokuwa anaugonga una miaka 700 kwenye ujenzi. Papo hapo nilinyamaza tu. Akaegemea apigwe picha, mguu mmoja kaupandisha ukutani, kisigino kikazama kwenye lipu mbichi.

"Pole fundi. Si utapaka tena?"

Nitapaka, ndiyo. Kukwangua, kulowesha jiwe, kupaka, kusugua, jua la utosi.

Baada ya hapo saa sikuzitazama. Chokaa ikikauka haraka inapasuka, kwa hiyo unaifunika kwa magunia na kuyalowesha, unarudi unalowesha tena. Vidole vimechanika, usiku ni mafuta ya nazi. Mwaka 2004 UNESCO waliyaweka magofu haya kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, 2014 wakayatoa. Kati ya miaka hiyo miwili kuna ndoo nyingi sana, na nyingine nilizibeba mimi.

Jioni, kwenye mashua, muongoza wageni akanionyesha picha aliyotumiwa na yule bwana. Anatabasamu. Nikaikuza, nikampita yeye na kiatu chake, mpaka juu ya bega lake la kushoto, kwenye ufa nilioziba mwaka juzi. Haujafunguka.