Akaja Akitembea kwa Haya

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, ndugu zangu katika imani.

Wiki hii usingizi wangu umekuwa mwepesi. Nimetakiwa niwe mwalimu mkuu wa skuli hapa Wete, na tangu habari hiyo inifikie moyo haujatulia. Kazi yenyewe naijua, nimeikulia. Kinachoniondolea raha ni Hadithi ya Abu Dharr (RA) iliyomo katika Sahihi Muslim. Alimuomba Mtume (SAW) ampe wadhifa, Mtume akampiga begani kwa mkono wake, akamwambia kuwa yeye ni dhaifu, na kwamba jambo lile ni amana, na Siku ya Kiyama ni hizaya na majuto, isipokuwa kwa aliyelichukua kwa haki yake na akatekeleza lililo juu yake. Kila nikiikumbuka Hadithi hii nawaza watoto wa watu, fedha za skuli, walimu wenzangu, na nafsi yangu siku nitakapoulizwa.

Lakini waliokuja kunishauri hawakuja na Hadithi hii. Wamekuja na jengine: "Mwalimu, wewe ni mke wa mtu, una wajukuu, muachie mwanamme. Mwanamke ni haya."

Nimeupima ushauri huu usiku kucha nikaona hauko pamoja na ule wa Mtume (SAW). Abu Dharr alikuwa mwanamme, tena sahaba mkubwa, mkweli wa ulimi, mwenye zuhudi, na bado aliambiwa hili si lako. Hakuambiwa hivyo kwa jinsia yake, wala kwa upungufu wa dini. Aliambiwa kwa sababu kila mzigo una bega lake. Basi suala ninalopaswa kujiuliza ni kama ninaiweza amana hii, na si kama mimi ni mwanamke.

Sasa tuifungue Suratul Qasas, kuanzia aya ya 23, kisa tunachokisoma tangu tuko chuo cha Qur'ani. Musa (AS) amekimbia Misri, amefika kwenye maji ya Madyan, amekuta watu wananywesha wanyama wao, na pembeni wanawake wawili wanawazuia wanyama wao. Akawauliza: mna nini? Wakasema: hatunyweshi mpaka wachunga waondoke, na baba yetu ni mzee sana. Akawanyweshea, akarudi kivulini. Kisha mmoja wao akamjia akitembea kwa haya, akasema: baba yangu anakuita akulipe ujira wa kutunyweshea. Na nyumbani akasema lile neno: "Ewe baba yangu! Muajiri huyu. Hakika mbora wa kumuajiri ni mwenye nguvu, muaminifu."

Nguvu na uaminifu. Maulamaa wakubwa, Ibn Taymiyya akiwemo, walipoeleza nguzo mbili za kumpa mtu madaraka juu ya watu waliitegemea aya hii. Kipimo wanachopimiwa mahakimu, makamanda na wakusanyaji wa mali ya umma kilitoka katika kinywa cha binti aliyekuwa akichunga wanyama wa baba yake, na Mwenyezi Mungu akakihifadhi katika Kitabu chake.

Na tazameni haya yake. Qur'ani imeitaja, imeisifu, imeuonesha hata mwendo wake. Na hapo hapo imetuletea maneno yake, nayo yamenyooka: nani anayekuita, kwa sababu gani, na utapata nini. Hakung'ata kidole wala hakumung'unya maneno. Haya na kauli vimekaa katika mwili mmoja, havikugombana.

Basi nani aliyetufundisha sisi kwamba haya ni kunyamaza? Ummu Sulaym (RA) alikwenda kwa Mtume (SAW) kuuliza suala la kuoga janaba ambalo wengi wetu hata leo hatulisemi kwa sauti, akaanza kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya katika haki. Na Bi Aisha (RA) aliwasifu wanawake wa Ansari kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Sisi tunaitwa mkutano wa shehia, linazungumzwa suala la maji na kituo cha afya, mambo yanayotuumiza sisi kwanza, nasi tumekaa nyuma na leso usoni hatusemi neno. Tukishatoka, njiani, ndipo tunapata ulimi. Dada zangu, mama zangu, hilo mimi siliiti haya. Nimeliona miaka mingi, na naliita kuikimbia amana. Inauma kusikia, najua, lakini kama si sisi wa darsa moja tutakaoambiana, nani atatuambia?

Kila siku baada ya sala tunaomba dua ya Suratul Furqan, aya ya 74: Mola wetu, tupe katika wake zetu na wana wetu yaburudishayo macho, na utujaalie tuwe waongozi kwa wachamngu. Tunaitikia amin kwa sauti. Kisha mlango unagongwa, tunaambiwa njoo uongoze, tunajificha uvunguni.

Naomba niseme kidogo kuhusu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mkulima wa mwani katika kijiji kimoja cha pwani upande wa Micheweni. Kilimo hiki kilishika Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, kwanza pwani ya mashariki ya Unguja, kisha huku kwetu Pemba, na mpaka leo wengi wanaoingia baharini ni wanawake. Asiyekijua hudhani ni kuokota tu. Unafuata bamvua, maji yanapotoka mbali, unapigilia vigingi mchangani, unafunga mbegu moja moja kwenye kamba, unainama mpaka kiuno kinakufa ganzi. Wiki sita hivi unangoja, na maji yakipata moto mwani unaoza na jasho lako linakwenda nao. Ukivuna unaanika, na mnunuzi anapima kwa kilo.

Hapo kwenye kilo ndipo penye mtihani. Mwani uliobaki na unyevu ni mzito, na mchanga nao ni mzito. Wenzake walimchagua awasimamie, na yeye akawa anapita kwenye maanikio ya kila mtu, anaufikicha mwani mkononi, anaukung'uta, na gunia lenye mchanga analirudisha kwa mwenyewe. Walimnunia. Shoga zake wa tangu utotoni walipitisha siku hawampi salamu. Yeye akiwasomea Suratul Mutaffifin, ole wao wapunjao, halafu anaendelea na gunia jengine. Hesabu za kikundi akiziandika kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo alizofundishwa chuoni, na kila mtu akijua chake ni kiasi gani bila ya kuuliza mara mbili. Ikafika hadi mnunuzi akichukua magunia ya kikundi kile bila ya kuyafungua.

Hakuna aliyemwita kiongozi. Hakuwa na ofisi wala muhuri. Lakini nikisoma "mwenye nguvu, muaminifu" ni yeye ninayemuona, na kwa fedha za mwani ule ndipo mimi niliposoma.

Wanangu mnaomaliza kidato, na nyinyi mlioko vyuoni Tunguu na kwengineko, hapa nazungumza na nyinyi hasa. Nguvu katika kazi ni ujuzi. Mama yangu angekuwa muaminifu lakini hajui kuutambua mwani mkavu, uaminifu wake usingewafaa wenzake kitu. Basi mtu asikudanganye kwamba nia njema inatosha. Ukiwa mhasibu, ujue hesabu mpaka mkaguzi akija usibabaike. Ukiwa muuguzi, ujue dawa na kipimo chake. Nawaona wengi wenu mnachagua masomo kwa kutazama ajira ya serikali inatoka wapi mwaka huu. Sikulaumuni, riziki inatafutwa. Lakini ulizeni pia: katika visiwa hivi, kuna haja gani Mwenyezi Mungu ameiweka mbele ya macho yangu na hakuna anayeishika? Mabinti wa Madyan hawakukwenda kisimani kutafuta jina. Baba alikuwa mzee na wanyama wana kiu. Mama zetu wakienda kujifungua wanataka kusitiriwa na mwanamke mwenzao, hilo kila nyumba inalitaka. Sasa binti akitaka kusoma udaktari anaambiwa atachelewa kuolewa. Atatoka wapi huyo daktari mwanamke tunayemtaka? Fardhi kifaya ikikosa mtu wa kuisimamia, dhambi yake inatuenea sote, na wewe unayejitayarisha kuisimamia una ibada mikononi mwako toka siku unayofungua daftari, ukiitengeneza nia yako.

Suala la uongozi mkuu wa dola masheikh wamelizungumza na wamekhitalifiana, nawaachia wenyewe. Sote tulimuona mtoto wa Makunduchi, Bi Samia Suluhu Hassan, akiapishwa kuwa Rais tarehe 19 Machi 2021, na tangu hapo wasichana wanaambiwa "na wewe unaweza". Sawa. Ila nachelea wasije wakadhani uongozi ni Ikulu tu, wakaudharau uongozi wa darasa, wa wodi, wa kikundi cha kuweka na kukopa. Na kwa wanaodhani elimu ya mwanamke ni mgeni hapa, skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927, na wazee wengi walichelea binti akijua kuandika. Nao walikuwa wakisoma Hadithi ya Shifaa bint Abdillahi (RA), aliyemfundisha kuandika Bi Hafsa (RA), mke wa Mtume.

Kaka zangu na baba zangu mnaosoma, nanyi nina neno. Siku ya Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra, Mtume (SAW) aliwaamrisha Masahaba wachinje na wanyoe, na kwa majonzi yaliyowashika hakuinuka hata mmoja. Akaingia kwa Bi Ummu Salama (RA), akamueleza. Yule mama akamwambia: toka, usiseme na yeyote, chinja mnyama wako na umwite kinyozi wako. Akafanya hivyo, na watu wote wakainuka. Mtume wa Mwenyezi Mungu, anayeteremshiwa wahyi, amechukua rai ya mkewe katika jambo la umma mzima. Na Mtume huyo huyo, Bi Aisha alipoulizwa mumewe alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa akiwatumikia watu wake, na sala ikifika anatoka kwenda kusali. Basi mkeo akipewa dhamana, usimwambie "hongera" halafu ukakaa barazani unangoja maji ya kuoga upelekewe. Mfundishe mwanao wa kiume kuosha sahani yake. Mchukue mtoto chuoni wewe.

Na nyinyi dada zangu mliokwisha shika nafasi, wakuu wa vitengo, masheha, makatibu wa vikundi: msistaafu na ujuzi wenu kifuani. Mchukue binti mmoja, mkalishe karibu, muoneshe namna ya kuandika muhtasari wa kikao na kusoma bajeti, msahihishe bila ya kumvunja.

Darsa ya Alkhamisi hii baada ya Laasiri tutasoma Al-Qasas aya ya 22 mpaka 28, aya kwa aya, pamoja na tafsiri. Njooni na mabinti zenu waliomaliza mitihani. Wanaume wanaotaka kusikiliza watatandikiwa busati nje ukumbini, na mwenye mtoto mdogo aje naye, tutamshika kwa zamu.