Pipa la tatu

Jana binti yangu alifungua chupa ya siki nikiwa nakata kachumbari. Harufu iliponifika puani, kisu kikasimama. Nikajiona tena Hombolo, uani kwa yule mama na wanawe.

Walikuwa wameniita nionje mvinyo wao. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na haya yalikuwa mavuno ya Machi, yanayokumbana na mvua. Wanunuzi walichelewa, na zabibu haingoji mtu. Familia ikaamua kusindika yenyewe badala ya kuuza mchuzi, yaani maji ya zabibu zilizokamuliwa, kwa bei ya kutupa. Walijaza mapipa ya bluu ya lita 200.

La kwanza, la zabibu aina ya Makutupora nyekundu, lilikuwa zuri kweli: ukakasi ulishika ufizi kisha ukaachia taratibu. Nikasema hivyo, mama akacheka huku amejiziba mdomo kwa kanga. La pili, la mvinyo mweupe, lilihitaji muda tu.

La tatu halikujaa. Kijana alipofunua niliona nafasi ya shubiri mbili juu ya mvinyo, na utando mweupe, mwembamba kama wa maziwa yaliyopoa, ukapasuka alipotumbukiza kata. Akanimiminia kwenye bilauri ya chai. Haijafika mdomoni, nikanusa rangi ya kucha, na nyuma yake siki. Hewa ilishafanya kazi yake. Nilipiga funda moja, nikalizungusha mdomoni, koo likakaza. Uani kukawa kimya. Mama aliweka mikono mapajani, macho yake kwenye koo langu.

“Sema, mwanangu.”

“Una uchachu kidogo, mama.”

Kidogo! Nilijua pipa lile ni la siki, na kwamba siki nayo ina wateja wake. Nilijua lisiguse mapipa mengine. Ila nilishindwa kuuzima ule uso uliotoka kucheka sasa hivi.

Wakalichanganya na la kwanza ili kupunguza uchachu. Yakaharibika yote mawili. Mama alinipigia simu mwenyewe. Hakulaumu, aliuliza tu kama nitakuja mavuno ya Agosti.

Nilikwenda. Kabla ya kuonja nikamwambia safari hii sitaficha neno.

“Hata siku ile nilikuona ulivyokunja uso,” akasema, akanisogezea bilauri.

Mpaka leo sijui kama alichanganya kwa kuniamini mimi, au kwa kuwa naye alihitaji lile neno “kidogo.”