Soketi na makabati ya kujengea: chora kabati kwanza, ndipo ukate ukuta

Katika nyumba nyingi zinazojengwa Tanzania na Kenya, fundi umeme huingia mapema, akachimba ukuta, akazika mabomba na maboksi, kisha lipu ikafunika. Seremala huja mwisho kabisa, na kabati ambalo hakuna aliyelichora wakati ule. Soketi inabaki nyuma ya ubao. Mwenye nyumba anachomeka ekstensheni kabla kabati halijasukumwa ukutani, waya unatokezea pembeni, na mambo yanaendelea. Hapo ndipo hatari inapoanzia: plagi imebanwa, waya umekunjwa, hewa haipiti, panya wanapita, na skrubu ikilegea ndani ya plagi joto linapanda bila mtu kuona. Harufu ya plastiki inayoungua utaisikia, ila kuifikia hiyo plagi ni mpaka ung'oe kabati.

Kwa hiyo kazi ianzie kwenye karatasi. Kila ukuta utakaobeba kabati uchorwe kwa mbele, kwa milimita: kabati linaanzia wapi, linaishia wapi, kaunta ina kimo gani, milango inafungukia upande upi. Kama seremala bado hajapatikana, tumia vipimo vya kawaida. Kabati la nguo huwa na kina cha 600 mm. Kaunta ya jikoni humalizikia kama 900 mm kutoka sakafuni, na kabati za juu huanzia 1,400 hadi 1,500 mm.

Kosa linalorudiwa sana ni kupima kutoka kwenye zege ghafi. Zege hilo likishawekewa skridi (tabaka la saruji la kusawazisha sakafu) ya 50 mm na vigae vya 10 mm, sakafu imepanda 60 mm. Soketi ya kaunta iliyowekwa 1,100 mm juu ya zege sasa iko 1,040 mm. Pleti ya soketi ya 13A ina kimo cha 86 mm, maana yake inashuka 43 mm chini ya kitovu chake, hadi 997 mm. Kaunta ya 900 yenye kingo ya granaiti inayopanda ukutani 100 mm inafika 1,000 mm. Milimita tatu tu, na fundi wa mawe atalazimika kuikata kingo yake au kuiegesha juu ya pleti. Dawa yake ni kupiga mstari wa mita moja juu ya sakafu itakayokamilika, kwa mpira wa maji (wa kupimia usawa) au leza, uzunguke nyumba nzima. Vimo vyote vipimwe kutoka mstari huo, kwenda juu au chini.

Jikoni, kitovu cha soketi za kaunta kikae 1,100 hadi 1,150 mm juu ya sakafu iliyokamilika, ili waya wa plagi upate nafasi ya kushuka bila kugusa kaunta. Soketi iwe angalau 300 mm kwa ulalo kutoka ukingo wa sinki, na umbali kama huo kutoka jiko. Juu ya moto usiweke kabisa. Chini ya sinki pia hapafai, maana siku bomba likivuja maji yanashukia hapo hapo.

Friji, mashine ya kufulia na oveni ya kujengea ndizo zinazowachanganya wengi. Soketi ikiwekwa nyuma ya kifaa chenyewe, plagi inakula nafasi na kifaa hakirudi nyuma kikafika mahali pake. Halafu kuzima umeme ni mpaka ukivute. Iweke soketi ndani ya kabati la jirani, toboa ubao wa kati tundu linalotosha plagi kupita, na juu ya kaunta weka swichi ya 20A inayokata nyaya zote mbili za umeme, laini na nyutro, kwa pamoja, yenye taa na jina la kifaa. Jiko kubwa la umeme haliingii kwenye soketi ya 13A: lipewe waya wake wa 6 mm² na breka yake ya 32A, na swichi yake ikae pembeni ya jiko, mahali ambapo mkono unafika bila kuvuka sufuria inayochemka.

Piga pia hesabu ya mzigo. Soketi moja ya 13A kwenye volti 230 inabeba karibu wati 3,000. Birika la umeme wati 2,200, oveni ya mezani 1,500, maikrowevu 1,200: jumla ni 4,900, wakati breka ya 20A inaishia 4,600. Vikiwashwa pamoja asubuhi, mzigo unazidi uwezo wa breka, nayo inaweza kuruka. Wapo wanaobadilisha breka na kuweka ya 32A kwenye waya uleule wa 2.5 mm² unaotoka kwenye breka na kuishia soketi ya mwisho bila kurudi. Breka hairuki tena, lakini sasa waya ndio unaopata joto ukutani. Gawa soketi za kaunta kwenye saketi mbili za 20A, kila moja na waya na breka yake. Ukitaka 32A kwa waya wa 2.5, lazima waya uzunguke soketi zote na kurudi kwenye breka ileile, ncha zote mbili.

Skrubu za kabati za juu nazo zina madhara yake. Kabati la kimo cha 720 mm linaloanzia 1,450 linafika 2,170, na seremala hutoboa ukuta kwa biti ya 8 mm kidogo chini ya hapo. Waya wa kila soketi ya kaunta unashuka wima kutoka darini, ukipita katikati ya mstari huo. Fundi umeme ashushe bomba moja kwa moja juu ya soketi, bila kukata kona ukutani ili kuokoa waya, na seremala aelezwe kuwa asitoboe usawa wa soketi yoyote. Kabla ya lipu, piga picha kila ukuta huku futi kamba imenyooshwa pembeni ya bomba. Picha hizo mpe seremala.

Chumbani, anza na kitanda. Kitanda cha 6 kwa 6 kina upana wa karibu 1,830 mm. Kichwa chake cha kujengea kikizidi 100 mm kila upande, kinaishia 1,015 mm kutoka katikati ya kitanda. Weka kitovu cha soketi 1,200 mm kutoka katikati hiyo, kila upande, kimo cha 650 hadi 700 mm, ili iwe juu ya meza ya pembeni. Kwenye kabati la nguo, acha 50 mm kati ya pleti na ubao wa kabati, na hakikisha swichi ya taa haiko upande ambao kabati litasimama. Pawa ya taa za LED (kiboksi kinachozigeuzia umeme) ikae juu ya kabati penye hewa, isizibwe nyuma ya ubao.

Nyuma ya TV, soketi pea kwenye 1,100 mm, lakini kando ya bamba la kuning'inizia. Zika bomba la 50 mm kutoka hapo hadi rafu ya king'amuzi kwa ajili ya nyaya za picha. Kichwa cha HDMI, yaani waya wa picha wa TV, hakipiti kwenye bomba la 20 mm.

Kama kabati limeshajengwa na soketi iko nyuma yake, zima meinswichi na ukate ubao wa nyuma, uache 20 mm kuzunguka pleti. Soketi ikitakiwa kuja mbele, pleti ya zamani ibadilishwe kuwa ya kutolea waya, waya laini wa 2.5 mm² upite ndani ya tranki (mfereji wa plastiki wa nyaya) hadi kwenye boksi jipya lenye masikio yanayobana ubao wa MDF. Kiungo cha kusokota na utepe hapana, na pleti ya zamani ibaki ikionekana kupitia tundu ulilokata.

Kipimo cha insulesheni (kuona kama ganda la waya linavujisha umeme) kwa volti 500 kifanywe mara mbili: kabla ya lipu, na tena baada ya seremala kuondoka, vifaa vyote vikiwa vimechomolewa. Usomaji chini ya megaohomu 1 haukubaliki. Ukiwa ulikuwa juu mara ya kwanza na sasa umeshuka, anza kutafuta kwenye skrubu za kabati, saketi moja baada ya nyingine.