Zambarau iliyonitesa: nilivyowanasa bakteria wa histamini kwenye jodari

Kama kuna mtu amekwambia "panda tu kwenye agari ya Niven, ukiona zambarau umeshampata", huyo hajawahi kuifanya hii kazi kwa mikono yake. Agari hiyo ni rojo lililoganda la kuoteshea bakteria, na anayesakwa ni yule anayetengeneza histamini. Mimi niliambiwa hivyohivyo na jamaa mmoja wa maabara, tena kwa kujiamini kabisa, nikaunguza muda na hela za kemikali.

Ilikuwa risechi yangu ya masters, hapa Dar. Nilikuwa natafuta bakteria wanaochukua histidini iliyomo kwenye nyama ya samaki na kuigeuza histamini, ile ambayo mtu akila jodari au vibua uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, mwili unawasha, halafu mtaani wanasema ana aleji ya samaki, kumbe wiki ijayo anakula jodari mwingine na hapati kitu.

Nikaenda soko la samaki la Feri alfajiri nikachukua jodari mzuri, macho yanang'aa, mashavu mekundu. Muuzaji aliposikia nataka kumpima akacheka, "Dada'angu, samaki akiharibika si ananuka, we nusa tu." Sasa hapo ndipo watu wanapoumia, maana jodari anaweza kuwa na histamini ya kukulaza hospitali na wala asinuke. Na mama nyumbani naye, "mwanangu mkaange mpaka akauke." Shikamoo mama, lakini kukaanga kunaua bakteria tu, histamini iliyokwishatengenezwa haiondoki, si kwa mafuta ya moto, si kwa friza, hata wa kopo anabaki nayo.

Nikamkata jodari wangu, kipande kimoja kwenye barafu, kingine nikakiacha makusudi mezani, joto la Dar mnalijua. Sampuli nilichukua upande wa mashavu na tumbo kwa sababu ndiko wadudu wenyewe wanakoishi.

Haya, agari. Ile agari inawekwa pH 5.3 (kipimo cha uasidi, ikiwa ndogo ndiyo kali) ili rangi yake iwe njano, bakteria akitengeneza histamini pH inapanda na pale alipo panageuka zambarau. Kwenye karatasi ni tamu sana. Nikashusha pH kwanza kama nilivyoelekezwa, nikaiweka kwenye otoklevu, lile sufuria la mvuke la kuua vijidudu, muda uleule wa midia nyingine, nikatoa uji. Haigandi! Asidi na moto vikikaa pamoja muda mrefu vinaivunja agari, na hilo hakuna aliyenitajia. Nikaanza kuipika muda mfupi na pH nairekebisha mwishoni kwa asidi safi iliyochujwa, ikaganda vizuri.

Nikapanda. Nilipokuja kufungua baada ya siku mbili, pleti zote zambarau, za mezani zambarau, za kwenye barafu zambarau, nyingine zambarau mpaka ukingoni. Jamaa akanipongeza! Nikajiuliza pongezi za nini, hawa wote hawawezi kuwa wao. Kumbe bakteria yeyote anayevunjavunja protini na kutoa amonia naye anapandisha pH, halafu ukichelewa kusoma ile rangi inasambaa mpaka kwa jirani asiyehusika.

Dawa yake nikaipata dukani kwa Mangi, vijiti vya meno, pakiti buku tu nadhani. Nikavifunga kwenye foili, vikapita otoklevu. Nikatengeneza agari za aina mbili, moja ya kawaida na nyingine kila kitu kilekile ila haina histidini. Chini ya pleti naweka karatasi yenye vyumba vyenye namba. Kijiti kinagusa koloni, kinadonoa chumba namba fulani kwenye pleti isiyo na histidini KWANZA, kisha namba hiyohiyo kwenye yenye histidini. Ukigeuza huo mpangilio unabeba histidini na kuipeleka kusikotakiwa. Nasoma kesho yake asubuhi, sisubiri. Zambarau pande zote mbili, muongo huyo, tupa. Zambarau kwenye histidini peke yake, huyo namweka. Wakapukutika aisee, tena wengi.

Waliobaki nikawakuza kwenye supu yenye histidini na kupima histamini yenyewe, halafu PCR, yaani kunakili DNA, ya jini la hdc, lile la kimeng'enya kinachogeuza histidini kuwa histamini, kwa kutumia praima (vipande vya DNA vya kuanzishia) za Wajapani za 2003, bendi kwenye jeli inatakiwa kuwa ya herufi 709 za DNA. Bendi zikakubaliana na vijiti vyangu karibu zote, supavaiza akakaa kimya akiangalia jeli. Wa mezani wengi walikuwa Morganella morganii.

Wale Photobacterium, bakteria wa baharini ambao nao wanatengeneza histamini, usiwatafute kwenye joto la 37, wanataka chumvi zaidi na ubaridi, na hiyo pH ya chini hawaipendi. Nilitenga pleti zao pembeni, nyuzi 20.

Na samaki wa friza msimpe cheti kwa kuangalia pleti. Mmoja aliota karibu sifuri, nilipompima histamini akavuka 200 kwa kilo, miligramu, yaani kiwango cha Codex, ile kanuni ya kimataifa ya chakula, na Wamarekani wao wanaishia chini zaidi. Bakteria walishakufa wakaacha mzigo wao ndani.

Kinachokula hela ni histidini, gramu 27 kwa lita moja, na inaagizwa nje. Mimi nilikuwa namimina pleti nyembamba karibu nusu ya kawaida, zikafanya kazi vilevile, na bajeti niliyoandika kwenye proposo ilikuwa ya pleti nene.